Mwonyi kwenye balkoni, mbona unanifia kila mara?

Binti wa Umoja:
Wadau habari zenu. Naishi Umoja hapa Nairobi, ghorofa ya tatu na nina shida na ule mmea kwetu Kakamega tunauita mwonyi, majani yana manyoya manyoya, rangi kijivu hivi, ukiyafikicha yananuka kafuri kabisa. Nyanya alikuwa anatufukizia tukiwa na homa, unafunikwa blanketi na sufuria iko katikati ya miguu, ukitoka hapo pua imefunguka na umelowa jasho. Nimetoa mche ushago mara mbili nikapanda kwa ndoo ya rangi. Wa kwanza ulikauka, wa pili sasa majani ya chini yanageuka manjano yanaanguka na mimi namwagilia kila asubuhi bila kukosa. Nakosea wapi? Nyanya ameshatutoka na mwonyi wake ulikuwa nyuma ya jikoni, sitaki huu nao upotee.

Muuza Miche:
Pole sana dada. Hayo maji ya kila asubuhi ndiyo yanauua. Hiyo ndoo umeitoboa chini? Chukua msumari, upashe moto, toboa matundu sita hivi. Na kama ulijaza ule udongo mweusi wa Embakasi, huo unashika maji wiki nzima, changanya na mchanga wa mto nusu kwa nusu na samadi kidogo iliyooza vizuri. Ingiza kidole, kama chini bado kuna unyevu usimwagilie. Jua liupige masaa sita kwenda juu, na Julai kukiwa na baridi utasimama tu hautakua, usiulazimishe na mbolea.

Kabla haujafa kata vijiti ambavyo havijatoa maua, urefu wa kiganja, chini kidogo ya kifundo, pale majani yanapotokea, toa majani ya chini uweke kwa maji dirishani, ubadilishe maji kila siku mbili. Mbegu pia zinaota lakini ni ndogo sana na zinataka mwanga, wengi wanazifukia ndiyo maana hawaoni kitu. Nyunyiza juu juu tu.

Mama wa Kisauni:
Kwetu Mombasa kuna ndugu zake, mrihani tunaoshona kwenye kikuba, lile pambo la maua la wanawake, pamoja na asumini, na kivumbasi ambacho watu hufukiza jioni mbu wapungue. Lakini mwanangu usije ukachanganya, mrihani unatia kwa chakula, huo wenu wa kafuri ni wa kufukiza na kuchua. Na kama kuna mtoto mchanga nyumbani usimpake puani wala kifuani, kafuri ni kali mno kwa watoto wadogo, inaweza kumdhuru vibaya.

Wa Shinyalu:
Nimefurahi kuona mwonyi unatajwa hapa. Kule kwetu pembeni ya msitu wa Kakamega kuna kikundi cha Muliru, wakulima wanaupanda mashambani mwao, wanakamua mafuta na kutengeneza dawa ya kuchua inaitwa Naturub, mwaka 2010 walipata tuzo ya Equator ya UNDP, lile shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Kizuri ni kwamba mtu akiupanda kwake hana haja ya kuingia msituni kung'oa. Mama yangu anakausha majani kivulini anatia kwa gunia la maharagwe, wadudu wanapungua kweli. Usiyaanike juani, harufu yote inaenda.

Binti wa Umoja:
Asanteni sana jamani. Nimemwaga ile ndoo saa hii, haikuwa na tundu hata moja, mizizi imekuwa myeusi inateleza. Nimepata vijiti viwili vya kijani juu kabisa nikaviweka kwa chupa ya jem. Kimoja kina kichwa cha maua kinaanza, nikiache?

Muuza Miche:
Kinyofoe hicho kichwa leo leo, nguvu iende kwa mizizi. Na majani makubwa yakate nusu kwa makasi, kijiti bila mizizi hakiwezi kuyanywesha yote.