Eti chura ana haki ya maji kuliko mimi! Huyu bwana ananitafuta nini?

Wakuu, salamu leo sina. Nimetoka kikao cha kamati ya maji sasa hivi, tope bado liko miguuni, naandika kwa kidole kimoja na chenyewe kinatetemeka. Yule bwana mnamjua. Yule wa buti za mpira ambazo tangu azinunue hazijaonja tope. Simtaji, mkimtaja shauri yenu.

Zamu yangu ya maji ni Jumanne, saa 4 usiku hadi saa 10 alfajiri. Mpunga ndiyo unachanua, unalilia maji kama mtoto anavyolilia ziwa. Nafika banioni, pale maji yanapoingilia mferejini, na koleo na tochi, geti limepigwa kufuli. Kufuli! Lile kubwa la kufungia duka la jumla. Naambiwa maji yameachwa yashuke bondeni, kinamasi kipone.

Leo kikaoni nikanyoosha mkono kwa adabu zangu zote: na mpunga wangu je? Akanitazama kuanzia kandambili hadi kofia, akasema: "Chura wa kule ana haki ya maji. Wewe kibali unacho?"

Chura. Mbele ya mama mkwe, kakaa benchi la kwanza na kitenge chake cha harusini, akacheka hadi akashika mbavu. Mahari nimemaliza juzi tu jamani!

Na kinamasi sikipingi. Babu yangu alivua kambare humo, akakata matete ya kuezekea. Masika kinafyonza, kiangazi kinaachia kidogo kidogo, visima vyetu havikauki. Na masika yenyewe siku hizi inakuja ikijisikia, mara ichelewe, mara imwage mvua ya mwezi kwa siku tatu. Yote najua. Ila chura? Si angesema hata ng'ombe?

Halafu uani kwake nyasi zinamwagiliwa Januari yote, kijani kama zulia la dukani. Pale anaishi chura gani?

Mfongo_wa_Babu: Pole mangi, ila swali hujajibu. Kibali unacho?

Mleta mada: Kiko kwenye mchakato.

Mfongo_wa_Babu: Tangu lini?

Mleta mada: Usinihoji kama mama mkwe.

Binti_Rau: Nimecheka kwenye daladala ya Majengo hadi konda kanirudishia chenji ya ziada. Huyo chura kwenye kamati ya maji ni mjumbe au mwenyekiti?

Wakili_wa_Mbege: Kakosa adabu, lakini sheria iko upande wake. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inatanguliza maji ya nyumbani, yanafuata ya mazingira, ndipo sisi wengine tugombanie. Kwenye foleni chura yuko mbele yako, mkuu.

Mleta mada: Na wewe umekuja na chura!!

Perege_Mkavu: Mnalilia zamu moja? Njooni huku chini ya Nyumba ya Mungu. Bwawa lilijengwa miaka ya 1960, mto Pangani ukaacha kufurika kama zamani, kinamasi cha Kirua kikasinyaa. Maji ya kuchuruzika mwaka mzima hayakifufui. Kinataka mafuriko ya msimu, maji yapande yafunike mbuga, samaki wazae, kisha yashuke. Huyo wa kufuli, kwa zamu moja ya usiku, kafufua nini?

Mleta mada: MMEONA! Yaani nimepitwa na chura BURE!

Meno_ya_Arusha: Shukuruni maji yenu. Sisi chini ya Meru floridi ya kwenye maji imetutia meno rangi ya chai tangu utotoni. Picha ya pasipoti mpiga picha ananiambia "bro, fumba mdomo". Nyie mnagombana na chura.

Bomba_Kavu: Bili elfu 64, bomba linatoa upepo. Upepo wa elfu 64 wakuu! Nikalalamike wapi?

Meno_ya_Arusha: Anzisha uzi wako.

Bomba_Kavu: Kwani huu si wa maji?

Perege_Mkavu: Kwa walioko Moshi mjini, perege wabichi nashusha kesho asubuhi. Njooni inboksi.

Mleta mada: Wakuu turudini kwenye mada. Mama mkwe kanipigia simu. Kalia "kroo, kroo" akakata.

Binti_Rau: Perege kilo bei gani?

Perege_Mkavu: Inboksi dada.