Bibi wa miaka 88 amevunjika nyonga: je, umri pekee ni sababu ya kukataa upasuaji?

Mjukuu, Ujiji
Shikamooni wakubwa. Juzi alfajiri Bibi yetu, mwenye miaka 88, aliteleza uani akitoka kutawadha, akavunjika shingo ya mfupa wa paja. Daktari anashauri apasuliwe mapema, lakini baba mkubwa anashikilia kwamba mwili wa umri huo hauhimili kisu, na kwamba ni heri tumrudishe nyumbani tumuuguze. Hadi wiki iliyopita Bibi alikuwa akienda kwa jirani kwa mkongojo wake na kuanika dagaa mwenyewe. Nieleweshwe, tafadhali, ili niweze kuzungumza na baba mkubwa bila kumvunjia heshima.

Muuguzi mstaafu, Tabora
Marahaba mwanangu, na poleni sana. Wenye miaka 88 hawalingani: yupo anayelima bustani, na yupo asiyeweza kuinuka kitini bila kushikwa. Kinachoangaliwa ni udhaifu wa mwili, yaani akiba ya nguvu aliyobaki nayo mzee: kama amekonda bila sababu, kama anachoka upesi, kama hatua zimekuwa nzito na mkono hauna nguvu ya kukaza kifuniko cha dumu. Kipo kipimo kilichotoka Kanada mwaka 2005, ambacho sasa kina madaraja 9, na kinauliza mgonjwa alikuwaje wiki mbili kabla ya kuumia, si anavyoonekana leo akiwa amelala anaugulia. Kwa hiyo habari za mkongojo na dagaa mwelezeni daktari, kwa sababu yeye hakumwona Bibi akitembea.

Kuhusu kumrudisha nyumbani, naomba baba mkubwa anisikilize. Mfupa usipofungwa, kila mkimgeuza kubadilisha shuka atalia kwa maumivu, nanyi kwa huruma mtaacha kumgeuza. Hapo ndipo vidonda vya mgongoni huanza, makohozi hutuama mapafuni yakaleta nimonia, na damu huganda miguuni. Uingereza mwongozo wao unataka upasuaji huu ufanyike siku ya kulazwa au inayofuata. Hatari ipo, sitaificha: hata kwenye nchi tajiri, kati ya wazee 100 waliovunjika nyonga, 20 hadi 30 hufariki ndani ya mwaka. Ila kitanda nacho kina hatari zake.

Binti, Kasulu
Naongeza upande mwingine. Mama yangu alikuwa na miaka 91, hajatembea kwa zaidi ya mwaka na hatambui watoto wake, alipopatikana na uvimbe tumboni. Tulimuuliza daktari kama upasuaji ungemrudishia chochote, akatujibu kwa upole kwamba hapana, tukachagua dawa za maumivu. Bibi yenu hayuko huko. Akipasuliwa, mtu anayemfahamu alale karibu naye, kwa maana wazee wengi huchanganyikiwa usiku baada ya upasuaji. Miwani yake isiachwe nyumbani, na uji asicheleweshewe.

Mjukuu, Ujiji
Nashukuruni sana. Nimemsomea baba mkubwa yote, akanyamaza kitambo, kisha akauliza kama ni lazima alazwe usingizi kabisa.

Muuguzi mstaafu, Tabora
Si lazima. Mara nyingi inawezekana kutumia ganzi ya mgongoni. Mtaalamu wa usingizi ndiye atakayeamua, nanyi mtajieni dawa zote anazotumia Bibi, hata za mitishamba.