Watoto wa Bi Zaina: Istanbul ya Musa, Cairo ya Asha

Jumamosi

Asha: Assalam aleikum familia, mimi na mume wangu Musa tumefika Istanbul salama alhamdulillah. Baridi ya huku si ya mchezo, nimevaa masweta mawili na lile koti la mtumba la soko la Owino juu yake na bado meno yanagongana

Mama: Waaleikum salaam mwanangu. Mmekula?

Asha: Tumekula mama

Mama: Mmekula nini

Musa: Shikamoo mama. Tumekula mkate wa duara una ufuta juu, wanauita simit, na chai. Unauzwa kwenye vigari kila kona

Mama: Marahaba baba. Mkate na chai ndio chakula cha mtu mzima hicho?

Rehema: Mama waache bana wako honimuni

Shangazi Bombo: Honimuni gani na watoto watatu wako hapa kwangu wananimalizia sukari 😂

Asha: Shangazi Mungu akulipe, wakisumbua wanyang'anye remoti tu

Mzee Hamisi: Huko saa hizi ni saa ngapi?

Musa: Saa ile ile ya kwenu mzee, Uturuki na Uganda saa ni moja. Ila Disemba hii jua linakimbia, saa kumi na moja na nusu hivi kiza kishaingia na misikiti inaadhini, huu ukianza ule unapokea mpaka hujui usikilize upi

Jumapili

Asha: Jamani ngoja niwasimulie. Mnajua tulikubaliana Istanbul apange Musa na Cairo nipange mimi, basi huyu bwana ana karatasi, ameandika kila mahali na dakika zake, na kalamu ya kukata. Tukaanza na Ayasofya. Ilijengwa kanisa mwaka 537, Mturuki alipouteka mji 1453 ikawa msikiti, miaka ya 30 wakaifanya makumbusho na tangu 2020 ni msikiti tena. Watalii wanalipa yuro 25 kupanda roshani ya juu, sisi tulioenda kuswali tukapita chini bure. Nimeswali rakaa zangu mbili nikasema nikae nitazame lile kuba, chini yake limezungukwa na madirisha, mwanga ukiingia unaona kuba zima limekaa hewani halijashikwa na kitu, sijashiba hata kidogo nahisi mtu ananigusa bega, twende twende

Musa: Nusu saa nzima ilishafika

Asha: Nusu saa ya nani

Mzee Hamisi: Huyo kijana angefaa jeshini. Ratiba ni ratiba

Rehema: Shemeji mwache dada yangu apumue, hukumtoa Jinja kwenda kukimbia mchakamchaka

Musa: Shemeji na wewe. Viatu tunavua tunavaa, tunavua tunavaa, muda wote unaishia hapo. Ng'ambo ya bustani kuna msikiti wa Sultan Ahmed una minara sita, inasemekana ulipojengwa watu walinung'unika kwa sababu wa Makka nao ulikuwa na sita, Sultani akaona isiwe taabu akajengesha wa saba Makka

Shangazi Bombo: Hela ilikuwepo

Asha: Halafu tukashuka kwenye tangi la maji la zamani liko chini ya mji, nguzo 336, kiza, maji miguuni, sikupenda. Tukatoka hapo mbio soko kubwa la Grand Bazaar lenye maduka zaidi ya 4,000 tukakuta milango imefungwa. Jumapili halifunguliwi. Karatasi haikujua hilo

Sadiki: 😂😂😂😂

Musa: Endeleeni kucheka. Tutaenda kesho asubuhi

Rehema: Mkienda msisahau zile sabuni za mafuta ya zeituni nilizowaambia

Jumatatu

Asha: Leo nimegoma. Nimemwambia Musa kata unachotaka kwenye karatasi mimi napanda feri. Mabara mawili yako kwenye mji mmoja, unatoka upande wa Ulaya pale Eminönü kabla hujamaliza chai yako uko Üsküdar, Asia, na nauli unagonga tu kadi ile ile ya basi. Na hiyo chai jamani, mtu anapita na sinia limejaa vigilasi vidogo vimebanwa kiunoni, havina mkono, unashika pale juu kwenye ukingo ama unaungua, vipande viwili vya sukari pembeni, meli inayumba na yeye hamwagi tone. Watu wanawarushia shakwe vipande vya simit, ndege wanakuja sambamba na meli kabisa wanadaka hewani, kuna mtoto alinyoosha mkono mmoja akachukuliwa kutoka kwenye vidole, akapiga ukelele halafu akataka tena. Tumeenda, tumerudi, tumeenda tena. Upepo umenichana uso lakini sijali

Salim: Anti sisi tunao kaloli, wale korongo wa Kampala, wao mkate hawataki wanataka utumbo

Sadiki: Feri ya Bukakata kwenda Kalangala je, ile ni bure kabisa na ndege wapo

Asha: Sadiki ile unapanga foleni na malori ya mawese

Musa: Nami niseme ukweli feri ilikuwa nzuri. Mara ya kwanza

Mama: Mmekula?

Musa: Mkate na samaki wa kuchoma mama, pale pale kando ya daraja la Galata, juu ya daraja watu wamejipanga na nyuzi zao wanavua mchana kutwa

Mama: Mkate tena. Asha huyo mume wako atakonda nitawaambia nini watu wa Bombo

Alhamisi

Asha: Tuko Cairo, hapa tuko nyuma yenu saa moja. Sasa ni zamu yangu na mpango wangu ni mahali pamoja kwa siku, basi

Mzee Hamisi: Siku nzima mahali pamoja mnafanya nini

Asha: Tunatazama baba

Musa: Mzee acha tu. Leo tumeingia lile jumba jipya la makumbusho karibu na piramidi, lile lililofunguliwa rasmi Novemba 2025. Mlangoni amesimama mfalme Ramses wa pili, jiwe la mita 11 na tani 83, nikasema haya mambo yameanza. Ngazi kubwa ndaniiii imejaa masanamu, juu kabisa ukifika kuna kioo unaziona piramidi zile pale. Kwa mfalme Tutankhamun ndio wameweka vitu vyake vyote pamoja, zaidi ya 5,000, tangu kaburi lifumuliwe 1922 havijawahi kuwekwa chumba kimoja hivyo. Sasa mwenzenu kasimama mbele ya kiti. Kiti kimoja. Mpaka askari wa pale wakaanza kututazama vibaya

Asha: Si kiti tu bana. Ni kiti cha enzi cha dhahabu, mahali pa kuegemea mgongo wamechora yeye amekaa raha zake, mkewe amesimama mbele anampaka mafuta begani, na jua juu yao linashusha miale na kila mwale una kakiganja mwishoni. Wote wawili watoto watoto, huyo mfalme alikufa hajafika hata miaka ishirini. Dhahabu nimeiona nyingi humo ndani, ile barakoa ya uso nayo nimeiona na watu wamejazana hapo, lakini yule mke na kikombe chake cha mafuta ndio nilikaa naye

Rehema: Na shemeji amepakwa mafuta? 🤣

Musa: Nimepakwa maumivu ya miguu

Mama: Chakula cha huko kikoje?

Asha: Mama kuna kitu kinaitwa koshari utapiga kelele. Wali, dengu, makaroni, mbaazi zile nene za duara, vitunguu vya kukaanga mpaka vikauke, na mchuzi wa nyanya wenye siki, vyote bakuli moja

Mama: Wali na makaroni bakuli moja?? Hakuna mtu wa kuwapikia huko?

Shangazi Bombo: Bi Zaina hiyo ni shibe, mie ningekula

Ijumaa

Sadiki: Piramidi vipi, mbona kimya

Musa: Ngamia. Mwenye ngamia akasema ndugu yangu wa Uganda panda bure karibu sana, nikapanda, tukazunguka, picha safi. Kumbe kupanda ndio bure. Kushuka kuna bei, na ngamia akisimama uko juu kama umekaa kwenye paa la taksi, nitarukia wapi

Sadiki: 🤣🤣 ulilipa?

Asha: Alilipa. Mimi nilikuwa chini napiga picha

Mzee Hamisi: Hapo ulizingirwa kijana

Asha: Ndani ya piramidi kubwa tumeingia, kwa tiketi yake nyingine. Njia ya kupanda ni fupi kwenda juu, mita moja na kidogo, unainama mgongo wote unapanda mteremko, wengine wanashuka mnapishana kwa ubavu, joto, jasho la watu. Halafu ghafla paa linafunguka linakuwa refu mita nane na zaidi, unanyooka, unahema. Mwisho kabisa chumba cha mawe ya granaiti na sanduku la jiwe halina kifuniko wala kitu ndani

Mzee Hamisi: Mmelipa kwenda kuona chumba kitupu

Asha: Baba mawe zaidi ya milioni mbili yamekizunguka hicho chumba, juu na chini, unayasikia kichwani. Sikuwa na haraka ya kutoka, Musa ndio alishatoka

Musa: Nilikuwa nje natafuta hewa

Jumamosi

Asha: Jana jioni tumepanda feluka, ile mashua ya tanga, hapa hapa katikati ya Cairo. Nikachota maji nikamwambia Musa haya yametoka nyumbani

Mama: Mtu wa Jinja anapanda ndege kwenda kuangalia Nile. Tangu uolewe hujakanyaga Source, pale Nile inapoanzia, na kutoka hapa Walukuba ni bodaboda tu

Salim: Anti samahani, ila maji mengi yanayofika Misri si ya kwetu, kama asilimia 85 yanatoka milima ya Ethiopia. Ya kwetu yanapotea sana kwenye vinamasi vya Sudd kule Sudani Kusini, yanakauka na jua

Mzee Hamisi: Nani kakufundisha hayo

Salim: Chuoni babu

Mzee Hamisi: Sikiliza wewe. Malkia Elizabeth amekuja kufungua bwawa la Owen Falls 1954, na Wamisri wakaweka injinia wao pale Jinja wa kuangalia maji yanavyotoka. Kama si maji yao wanayoyategemea, huyo mtu wamemweka wa nini? Aje kula sambusa?

Salim: Hapo kweli babu. Ya Ethiopia yanakuja kwa msimu wa mvua, miezi mingine yanapungua sana. Ya kwetu machache lakini mwaka mzima yapo

Mzee Hamisi: Ehee. Sema hivyo tangu mwanzo

Shangazi Bombo: Basi Asha hayo uliyoshika yametoka hapa, yaite ya Jinja usiogope

Musa: Familia ndege inatua Entebbe usiku wa manane wa kuamkia Jumatatu. Sadiki uko tayari?

Sadiki: Niko tayari, nani analipa mafuta na ile elfu tano ya ekspresiwei?

Musa: Mimi. Ila gari liwe na nafasi nyuma

Rehema: Sabuni zangu zinajaza gari?

Asha: Sabuni ziko. Muulizeni Musa kuhusu zulia

Mama: Zulia la nini?

Musa: Kadogo tu mama, ka kuswalia

Asha: Mita mbili na nusu

Sadiki: Basi nakuja na pikapu ya jirani, mafuta yake ni mara mbili