Mrejesho: ule mchezo wa kuigiza mezani na masikio yangu yanayochelewa

Wakuu, nimerudi. Niliuliza nitawezaje kucheza mchezo huu, ambao kila mtu anaigiza mhusika wa hadithi kwa kuongea na dadu huamua matokeo, maana masikio ni mazima ila watu wakiongea pamoja maneno yananivurugikia.

Ushauri wa kuongea kwa zamu umefanya kazi: mwenye dadu la pande 20 mkononi ndiye anayesema. Msimulizi, yaani anayeongoza hadithi, naye anaandika majina kwenye kadi. Ahsanteni sana.

Kucheza mtandaoni kwa sauti kumenishinda, na wachezaji sita ni wengi mno, tumebaki wanne. Minong'ono bado inanitesa. Juzi mwenzangu alinong'ona "tumwibie mfalme", nikasikia "tumwimbie". Mhusika wangu akaanza wimbo mbele ya walinzi. Tulicheka, na wizi ukafanikiwa wakiwa wananishangaa mimi.