Klabu ya anga, shule ya kata: tupeleke nini maonesho ya sayansi?

BintiChamwino
Shikamooni wakubwa zangu. Niko kidato cha tatu, shule ya kata huku Chamwino, na tuna klabu ya anga. Tunataka kushindana kwenye maonesho ya sayansi, na Mungu akijalia tufike hadi Young Scientists Tanzania. Wenzangu wanataka roketi ya chupa, au sayari za maboksi zilizopakwa rangi. Mimi naona kila shule inaleta hizo. Darubini hatuna. Tufanye nini?

Ngongona_Fizikia
Roketi ya chupa si mbaya, mdogo wangu, ila mpime: maji kiasi gani, presha kiasi gani, imeruka umbali gani. Ikiruka tu watu wakapiga makofi, jaji akiuliza data mtamwonesha nini?

MwlMstaafu_Kondoa
Marahaba, binti yangu. Chukua ramani uangalie Dodoma, Kondoa na Babati. Miji hii mitatu imekaa karibu kabisa kwenye longitudo moja, nyuzi 35 na robo tatu mashariki. Nimefundisha jiografia maisha yangu yote na jambo hilo bado linanisisimua, maana kivuli cha mchana kinafikia ufupi wake wa mwisho Dodoma na Babati kwa wakati mmoja. Mnaweza kuipima dunia nzima kwa kivuli, kama Eratosthenes, mtaalamu wa Kigiriki, alivyofanya Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita.

Tafuteni shule rafiki Babati. Kila upande usimamishe mti wa mita mbili, siku moja. Msisubiri saa sita kamili. Saa zetu zinafuata longitudo ya 45, sisi tuko magharibi yake, kwa hiyo katikati ya Juni kivuli kifupi kabisa kinakuja kama saa sita na dakika 37. Anzeni kuweka alama mapema, kila baada ya dakika mbili, hadi mwone kivuli kinarefuka tena.

Dodoma mtapata takribani sentimita 113, Babati 104. Hizo sentimita chache ndizo mviringo wa dunia wenyewe! Tafuteni pembe ya jua kwa tanjenti, yaani urefu wa kivuli gawanya kwa urefu wa mti; tofauti itakaribia nyuzi 1.96. Umbali wa miji hiyo kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 217. Duara zima ni nyuzi 360, kwa hiyo zidisha kwa 360, gawanya kwa 1.96, unapata karibu 39,900. Mzingo halisi kupitia ncha za dunia ni kilomita 40,008.

Sasa hapa mnisikilize vizuri. Ncha ya kivuli huwa na ukungu, kwa sababu jua si nukta, lina upana wa nusu nyuzi. Kosa la milimita chache linaharibu kila kitu. Kwa hiyo juu ya mti pigilieni kipande cha bati kilicholala, kitokeze pembeni, kiwe na tundu dogo. Chini mtaona duara la mwanga, pana kama sarafu. Wekeni alama katikati yake. Kisha shusheni timazi, yaani uzi wenye uzito, kutoka kwenye tundu hadi chini, na mpime kuanzia hapo, si kwenye shina la mti.

BintiChamwino
Mwalimu, barabara ya Dodoma–Babati naambiwa ni kilomita 251. Kwa nini tutumie 217?

MwlMstaafu_Kondoa
Barabara inapinda kufuata milima na vijiji, jua halipindi. Swali zuri sana hilo, liandikeni kwenye bango lenu, na hesabu ya 251 iwekeni pembeni. Inatoa zaidi ya 46,000, jaji aone wenyewe mmeligundua.

FundiMakulu
Upepo wa Dodoma mnaujua. Mti chimbieni na mmwagie zege siku mbili kabla, la sivyo hilo duara litacheza. Sakafu ipimeni kwa pima maji.

Babati_Sekondari
Sisi tuko Babati, nafundisha fizikia. Nina wasichana wawili wanaopenda hesabu kupita kiasi, na mbele ya jengo la utawala tuna sakafu ya saruji isiyo na kivuli cha mti wowote. Binti, mwambie mwalimu wako wa klabu aniandikie hapa tupange siku. Bati lenu na letu yatobolewe kwa msumari wa ukubwa mmoja.