Anayetaka kuongeza nguvu ya injini aonyeshe breki kwanza: tujadili

MLETA MADA
Wakuu, kwema?

Kila gari ya kijana inapopinduka usiku hoja inarudi ileile: haya magari yaliyochezewa yapigwe marufuku. Siku tatu baadaye kimya, mpaka ajali nyingine. Mimi ni mmoja wa hao wanaochezea magari, kwa hiyo mawe yaandaeni mapema.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na Subaru Forester ya tabo, kile kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini. Fundi mmoja akanipandishia presha ya tabo na kubadilisha programu ya kompyuta ya injini. Gari ikawa inachomoka mpaka mwenyewe naiogopa. Nikaenda nayo Iringa. Kupanda mlima wa Kitonga ilikuwa raha tupu. Balaa lilikuwa kurudi. Nilishuka nyuma ya lori, mguu juu ya breki muda wote, gea iko D kana kwamba niko foleni ya Mwenge. Kona kama ya tatu pedali ikaanza kulainika. Kona iliyofuata ikazama mpaka chini. Nikashusha gea, nikawa navuta hendibreki kidogo kidogo, gari ikasimama pembeni magurudumu yanafuka moshi. Utingo wa lori la nyuma akashuka, akanitazama mimi, akatazama rimu zangu, akasema: "Braza, huu mlima unashukwa na gea uliyopandia."

Morogoro mzee mmoja fundi akafungua kikopo cha mafuta ya breki. Meusi kama kahawa. Hayajaguswa tangu gari ishuke bandarini. Asiyejua ajue: mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewa. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kwenye nyuzi 205 au zaidi. Yakishanyonya maji kiwango kinaweza kushuka mpaka kwenye 140. Yakichemka yanageuka mvuke, na mvuke unabonyea, mafuta hayabonyei. Ndiyo ile pedali laini. Yaani nililipa pesa ndefu kuongeza mwendo, na kile kichupa cha bei ya chipsi kuku hakuna aliyekifikiria, si mimi wala fundi.

Hoja yangu basi. Tusipige marufuku. Anayetaka kuongeza nguvu akaguliwe kwanza breki, matairi, shokapu na stelingi. Akipita, mabadiliko yaandikwe kwenye kadi ya gari na bima ijue. Wajerumani wanaishi hivyo: ukibadilisha kitu kinachogusa usalama, mkaguzi anakipitisha na kinaingia kwenye nyaraka za gari, la sivyo gari haina ruhusa ya kutembea. Na dereva mwenyewe arudi darasani, maana mwili haujui hesabu. Ukitoka kilomita 80 kwa saa kwenda 120 unaona umeongeza nusu tu, kumbe mzigo wa breki umekuwa mara mbili na robo. Ukiwa 100 gari inakula karibu mita 28 kila sekunde, mguu ungali njiani kuelekea kwenye breki.

Kabla hujanijibu, toka nje ukasome tairi lako. Ubavuni tafuta herufi DOT, mwisho wake kuna tarakimu 4: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukishajua namba yako njoo tubishane.

MKAZI WA SINZA
Napinga, na ushahidi umeuleta mwenyewe. Gari ilitoka Japani ikiwa na akili zake, ukamlipa mtu aivuruge, ukakaribia kuua watu mlimani, halafu unasema tusipige marufuku?

Sisi wa mtaani tunajua mambo mawili tu kuhusu hizo gari: silensa zilizokatwa saa 8 usiku na mtoto kuamka analia. Mimi nina Toyota IST, iko kama ilivyotoka kiwandani, sijagusa hata balbu. Mwendo wangu 50 kwenye kibao cha 50. Kwa nini nikae barabara moja na mtu anayejaribu majaribio yake?

Na huo ukaguzi nani atafanya? Nimeshawahi kubandikiwa stika ya ukaguzi na boneti haikufunguliwa. Marufuku angalau ni rahisi kuielewa: imebadilishwa, iko nje.

KIJANA WA EJ20 (injini ya Subaru)
Mzee wa Sinza, "kama ilivyotoka kiwandani" mwaka gani? Gari ya mwaka 2004 haiwezi kuwa kama ilivyotoka kiwandani, hata ukiifunika shuka.

Na hao Wajapani unaosema walizitoa na akili zake: kuanzia 1989 mpaka 2004 makampuni yao yalikubaliana kutotangaza gari yenye zaidi ya nguvu farasi 280, na mwendo wakaufungia 180. Nyingi ya hizo injini zilikuwa na uwezo zaidi, zikabanwa kwa makubaliano. Sisi tunafungua kilichofungwa.

Sisi tunaochezea ndio tunaotunza. Oili nabadilisha kila kilomita 5,000, plagi nazijua kwa majina, natembea na kifaa cha kusoma hitilafu za injini kwenye droo. Wewe wa IST taa ya injini inawaka tangu mwaka juzi, umeizoea kama picha ya ukutani. Tupeni uwanja wa kukimbizana kihalali, mtalala usingizi.

FUNDI, GEREJI YA ILALA
Nawasomeni wote nacheka. Niseme ninayoyaona, maana yote mawili yanaishia kwangu.

Kijana, oili kila kilomita 5,000 ni nzuri, ila oili haisimamishi gari. Wateja wa aina yako wanakuja na rimu za inchi 18 mkononi, wanalipa bila kulia. Nikisema pedi zimekwisha, anauliza "za bei rahisi hakuna?" Juzi mtu kaleta gari aliyoshushia springi kwa kuzikata na grainda. Springi iliyokatwa inakuwa fupi na ngumu, shokapu inagonga mwisho wake kila tuta, na gari ikinyanyuka springi inaweza kuchomoka kwenye kikalio chake. Mwingine kaweka spesa ili tairi zitokeze nje. Miezi michache bearingi zinalia. Hiyo unaiita kufungua kilichofungwa?

Tena umeondoa kizuizi cha 180, hebu nisomee herufi ya mwendo iliyo kwenye tairi lako. S mwisho 180, T 190, H 210. Wengi mnavaa S na T za mtumba, halafu mnajirekodi video za spidomita.

Mkazi wa Sinza na wewe usifurahi. Gari zinazonitia hofu kuliko zote ni hizo zisizochezewa. Boljointi, kile kiungo kinachoshika gurudumu la mbele, imechoka, tairi la mbele limeliwa upande mmoja mpaka waya, mwenyewe anasema "inavuta kidogo kushoto, nimeshaizoea". Zile habari za "gari ilifeli breki" mimi siziamini hivihivi. Breki nyingi zinatoa taarifa kabla. Zinalia, zinasaga, pedali inashuka, taa inawaka. Mwenye gari anapandisha redio.

MUUGUZI WA MAJERUHI
Naomba niwakatishe. Mnajadili tabo na springi, wakati wengi ninaowapokea hawana gari. Ni abiria wa bodaboda, ni mama aliyekuwa anavuka, ni mwanafunzi. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo milioni 1.19 kwa mwaka barabarani duniani, na zaidi ya nusu ni wa miguu, baiskeli na pikipiki. Hao hakuna aliyewauliza kama mabadiliko yaandikwe kwenye kadi ya gari.

Kwangu mimi swali si nguvu ya injini, ni mwendo penye watu. Kwenye lami kavu na matairi mazima, gari iliyo 50 inahitaji mita kama 28 kusimama, ukijumlisha sekunde moja ya kushtuka. Ikiwa 80 inahitaji karibu 58. Mtoto aliyetokea mita 30 mbele, dereva wa 50 anamkosakosa, wa 80 hajaanza hata kupungua vizuri. IST inafika 80 bila kuchezewa na mtu yeyote.

MWALIMU WA UDEREVA, ARUSHA
Dada muuguzi amenigusa. Mleta mada amesema dereva "arudi darasani", wote mkaipita kama kitu kisicho na ubishi. Mimi ndiye mwenye darasa, na ninabisha.

Darasa lipi? Wengi mnapotaja mafunzo ya juu mnafikiria kufundishwa kuserereka na kuirudisha gari kwenye mstari, kama kwenye mashindano. Norwei walifanya mafunzo ya barabara yenye utelezi kuwa ya lazima tangu 1979. Watafiti walipofuatilia, ajali za vijana wa kiume kwenye utelezi hazikupungua, zilipanda. Kijana alitoka pale anajiona bingwa, akaongeza mwendo. Mpeni mtu wa EJ20 siku mbili za kuserereka, mtakuwa mmemwongezea tabo ya pili, ya kichwani.

Mafunzo yenye faida ni yale yasiyo na video ya kurusha mtandaoni. Kusoma barabara mbele: basi limesimama, kuna miguu chini yake, mtu atatokea. Uingereza tangu 2002, kwenye mtihani wa nadharia, kompyuta inakuonyesha picha za video na wewe unabonyeza pale hatari inapoanza kujitokeza, kabla haijawa ajali. Hapa kwetu mwanafunzi anakuja siku ya kwanza na swali moja: "Leseni itatoka lini?" Nikimpeleka kushuka mteremko kwa gea anasema namchomea mafuta. Na mzazi anayelipa ndiye anayeniharakisha zaidi.

JIRANI WA NAIROBI
Salamu wandugu. Hayo ya marufuku sisi tumeyapitia. Februari 2004 waziri wa uchukuzi John Michuki alileta sheria zake: matatu zote ziwe na mikanda na spidi gavana, kifaa cha kuzuia gari isizidi 80. Mwanzoni nidhamu ilionekana, hata makanga walivaa sare wakajifunga mkanda. Halafu mafundi wakajua waya upi wa kukata. Gavana iko, cheti kiko, gari iko 110. Karatasi ilikuwa sawa kabisa.

Mwaka 2025 mamlaka yetu ya usafiri ikaleta rasimu ya kukagua hadi magari ya kibinafsi yaliyopita miaka minne tangu kutengenezwa. Kelele ilikuwa kubwa, kila mtu akilia ada. Mimi niliunga mkono nikaitwa msaliti kwenye grupu la familia.

Lakini kwa mleta mada nina hili. Joginder Singh alishinda Safari Rally ya 1965 kwa Volvo PV544 ambayo tayari ilikuwa imechoshwa na watu wengine. Mkumbuke alikuwa fundi kabla hajawa bingwa. Alijua kila nati ya gari ile. Ninyi mnanunua nguvu dukani na hamjawahi kufungua gurudumu.

KIJANA WA EJ20
Nimekubali la matairi, nimetoka kuangalia ni T. Nabadilisha mwisho wa mwezi. Lakini mwalimu, nijibu hili: kwa nini anayetunza gari awekewe vikwazo na asiyetunza aachwe kwa sababu tu hajaweka tabo?

MLETA MADA
Kijana ana hoja na inanivuruga. Nilipoanza nilikuwa na mpango mmoja kichwani: kagua waliochezea. Fundi na muuguzi wameniharibia. Kama hatari ni breki mbovu penye watu, basi ukaguzi hauna sababu ya kuchagua tabo. Japani kwenyewe gari mpya inakaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya 2, iwe imechezewa au la, na gharama ya ukaguzi huo ni sababu mojawapo ya wao kuziuza mapema zikatufikia sisi. Tunanunua gari zilizokimbia ukaguzi, tunazileta mahali ambapo hakuna atakayefungua boneti.

Hivyo nabadilisha kauli nusu. Magari binafsi yote yapandishwe kwenye mashine ya kupima breki. Aliyeongeza nguvu apimwe kwa kiwango cha juu zaidi, kwa sababu breki za kiwandani zilihesabiwa kwa injini ya kiwandani. La mwalimu nalikubali lote isipokuwa moja: kushuka mlima kwa gea kungewekwa kwenye mtihani, mimi nisingekuwa na hadithi ya Kitonga.

La nani atakagua, mzee wa Sinza, sina jibu la kukuridhisha. Ila ninachojua ni kwamba mashine inaweza kutoa namba, na namba ikiandikwa, aliyepitisha gari mbovu ana jina chini yake.

MKAZI WA SINZA
Bado silensa mzikatae, hilo siachi.

Lakini nimetoka nje na tochi, si ile ya trafiki. Nimesoma matairi ya IST yangu, nikainama mpaka goti likalowa. 3214. Yote manne, wiki ya 32 ya mwaka 2014. Nimeyanunua mimi mwenyewe mwaka jana, niliambiwa ni mapya kidogo. Fundi wa Ilala, kesho unafungua saa ngapi?

FUNDI, GEREJI YA ILALA
Saa 2 asubuhi. Njoo taratibu, upite njia za ndani. Na hiyo taa ya injini uje nayo.