Tupeane uzoefu: Ukishagonga mara mbili, bima kubwa Mbeya unakata kwa bei gani?

Wakuu, habari za jioni. Niko Uyole, natembelea IST. Ndani ya miaka 2 nimepata ajali 2. Ya kwanza Mlima Nyoka, asubuhi ya ukungu, nikaingia nyuma ya semi ambayo haikuwa na taa hata moja. Ya pili bajaji ilinikatia Mafiati. Bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe, ililipa zote. Juzi naenda kuhuisha, wakala akachungulia kompyuta, akaguna: "Bosi, punguzo lako la kutodai limeondoka." Gari tumelithaminisha milioni 12. Nimezoea 3.5% ya thamani hiyo, yaani 420,000 na VAT juu yake. Safari hii wanataka 4.5%, na kila nikidai nichangie zaidi mfukoni. Nani yamemkuta?

Mzee wa Noah: Mkuu, wewe angalau umelipwa. Noah yangu nilikata bima ya binafsi huku inabeba abiria Uyole–Tukuyu. Ikaserereka Isyonje kwenye utelezi, hakufa mtu, tunashukuru Mungu. Mkaguzi wa bima alipofika hata gari hakuligusa. Alimfuata mama mmoja mwenye ndizi, akamuuliza kwa upole, "Mama pole, nauli umetoa shilingi ngapi?" Mama wa watu akasema ukweli. Klemu ikafia palepale. Sasa nalipia biashara, bei imechangamka, ila nalala.

Kijana wa Ipogolo: Sisi wa malori tunaulizwa njia kabla ya kuulizwa jina. Ukitaja mlima Kitonga wanataka kujua dereva ana leseni daraja E, ana miaka mingapi barabarani, ameshawahi kuangusha. Nilikuwa na dereva wa ajali 2, kampuni ikasema gari tunapokea, huyu hapana. Nikamtoa kwenye Fuso, roho iliniuma, ni mtoto wa mjomba. Na ukivuka Tunduma kuingia Zambia usisahau kadi ya njano ya COMESA (soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika), ndiyo bima ya wengine ukiwa nje ya nchi. Nchi ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini kwenye mpango wa kadi tumo.

Bima ya tatu oyee: Mimi bima ya tatu, inayolipa niliowagonga tu, nalipa 118,000 na VAT ndani, gari dogo la binafsi. Hakuna aliyewahi kuniuliza nimegonga wangapi.

Mzee wa Noah: Siku ukiingia mtaroni Iwambi peke yako ndio utajua hiyo tatu ni ya wenzako, si yako.

Bima ya tatu oyee: 😂😂 Naendesha taratibu mzee.

Dada wa Mwanjelwa: Mdogo wangu yuko Marekani, alikamatwa amelewa kwenye usukani. Kampuni ilibidi ipeleke serikalini fomu inaitwa SR-22 kuthibitisha ana bima, na bei ikapaa. Kule majimbo mengi hata mtaa unaolala unaongeza bei. Huku bado tunaangalia gari, kazi yake na historia yako.

Mleta mada: Asanteni. Mrejesho: nimeenda kwa dalali wa bima, si wakala wa kampuni moja. Amenizungushia kampuni 3, nimepata 4%. Amesema picha nilizopiga siku ya ukungu, zinazoonyesha semi haina taa, ndizo zilizosaidia. Stika nimeihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, nikiwa bado nimekaa kwenye kiti chake. Jina langu limekosewa herufi moja, kesho narudi.